Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, uliza maji yanafika wapi

Ndugu akiniomba nimsindikize kuangalia chumba cha kupanga Dar es Salaam, namwambia tusubiri mvua kubwa inyeshe kwanza. Kiangazi kila nyumba ya bondeni inapendeza.

Nimeishi Kigogo, jirani na bonde la Msimbazi. Dalali usimuulize kama maji yanaingia. Anasubiri malipo yake ya udalali, kodi ya mwezi mmoja, atakujibu hayaingii. Nenda kwa mama ntilie aliyekaa mtaa huo miaka mingi, umuulize, "Mama, maji yakija huwa yanaishia wapi?" Atakuonyesha kwa kidole.

Halafu kagua mwenyewe. Rangi mpya iliyopakwa kutoka sakafuni hadi kiunoni tu, itilie shaka. Inama uangalie milango ya mbao kwa chini, kama imevimba au imeoza. Chungulia kwa majirani: friji imepandishwa juu ya matofali, mlangoni kuna kizingiti cha zege cha kufika magotini. Matambara na mifuko iliyonasa kwenye seng'enge inakupa kimo cha mafuriko yaliyopita.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mvua ikipiga huko usiku, bonde linaweza kujaa na kwako halijadondoka tone. Kwa hiyo utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usikilize hadi wa Mkoa wa Pwani. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu takriban 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baadhi walirudi, nami siwalaumu: kutoka Mabwepande hadi Kariakoo nauli peke yake inamaliza faida ya biashara ndogo.

Kama na wewe huna uwezo wa kuhama, jipange kabla ya masika. Vyeti vifunge kwenye nailoni, viweke juu kabisa. Jua swichi kuu ilipo, uzime umeme maji yakiwa bado nje. Ukishasimama ndani ya maji, usiiguse. Mbane mwenye nyumba aweke angalau grili moja ya dirisha inayofunguka, na ufunguo wake kila mtu wa ndani ajue unakaa wapi, maana mlango unaofunguka kwa nje hausukumiki maji yakishauegemea. Na kubalianeni mapema mtakimbilia kwa nani huko mlimani, hata watoto wapajue na wapafikie wenyewe, kwa sababu mafuriko yanaweza kuja mchana wewe ukiwa kazini.