Neema, wingi au utele?

SWALI: Ninafasiri maandishi ya darasa la yoga. Nimeandika: "Yoga inatufundisha kuishi katika wingi kwa kutumika wengine." Wenzangu wanasema haieleweki. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa la wazi liko kwenye kitenzi, nalo linatengenezwa kwa silabi moja. Chombo hutumika, kanuni hutumika. Lakini ukimtaja anayepokea, unahitaji kauli ya kutendea: kutumikia wengine. Hata hivyo kutumikia kunanuka ubwana na utumwa, na mfungwa naye hutumikia kifungo. Huduma inayokusudiwa hapa, ambayo wanayoga huiita seva, ni kumfaa mwenzako bila kungoja malipo. Andika "kuwahudumia wengine kwa kujitolea". Maneno hayo mawili ya mwisho usiyaache, maana huduma peke yake siku hizi ni ya benki na ya simu pia.

"Wingi", ukimaanisha maisha yasiyopungukiwa, ndio mzigo mkubwa zaidi. Neno hili hudai kijalizo: wingi wa mvua, wingi wa watu, hata wingi wa madeni. Likisimama peke yake msomaji hufikiria idadi, au umoja na wingi wa sarufi. Utele una tabia hiyohiyo. Neema husimama yenyewe: mwaka wa neema kila mkulima anaujua, na kitenzi kipo, kuneemeka. Tahadhari moja tu: kwa wasomaji Wakristo neema ni pia ile ya wokovu, kwa hiyo mbele yao sema "maisha ya kuneemeka".

Lakini tazama chanzo chenyewe. Katika Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha mafundisho ya yoga, sura ya 2, fungu la 37 linasema asiyeiba kabisa hujiwa na vito vyote. La 42 linasema kutosheka huleta furaha isiyo na kifani. Hapo neema haitokani na kuongeza vitu, na tafsiri yako lazima ibebe kutosheka huko (santosha). Usitumie kukinai. Zamani kulimaanisha hivyo, na nomino kinaa bado ni nzuri, ila leo aliyekinai wali hataki hata kuuona.

Ningeandika: "Yoga hutufundisha kuiona neema tuliyo nayo, kutosheka nayo, na kuwahudumia wengine kwa kujitolea." Wazo la utoaji likihitaji kukolezwa, methali ipo tayari: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. "Usambe" ni "usiambe", yaani usiseme. Wengi huigeuza kuwa "si utajiri" na mahadhi yake yakapotea.

Utakutana pia na aparigraha, kanuni ya yoga ya kutoshika mali kupita mahitaji. Wengi hufasiri "kutolimbikiza", nayo hugongana na Akiba haiozi, kana kwamba yoga inakataza kuweka gunia la mahindi ghalani. Tumia "kutojilimbikizia". Hiyo -ji- ndiyo inayoonyesha kwamba kinachokatazwa ni kujirundikia peke yako kupita mahitaji.