Maswali ya Wasomaji: Siki na Peroksaidi Katika Chupa Moja

SWALI: Ndugu Mtaalamu, kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kusafishia meza ya jikoni, na siki kuondolea ukoko mweupe kwenye mabomba. Hivi karibuni nilivichanganya vyote viwili katika chupa moja ya kunyunyizia ili nipunguze kazi. Baada ya siku chache harufu iligeuka ikawa kali kuliko ya siki yenyewe, na kila ninyunyizapo macho huwasha na koo hukereketa. Kinachonitatiza ni kwamba lebo ya chupa ya peroksaidi inataja asidi ya fosfori. Ikiwa kiwanda kimetia asidi humo, kwa nini mimi nikitia siki nidhurike?

JIBU: Kwanza naomba uache kuutumia mchanganyiko huo leo hii. Fungua madirisha, umwage uliobaki kwenye sinki huku maji mengi yakitiririka, kisha suuza chupa na uiache bila kifuniko.

Molekuli ya haidrojeni peroksaidi ina atomi mbili za haidrojeni na mbili za oksijeni, na kifungo kinachounganisha atomi hizo mbili za oksijeni ni dhaifu. Ndiyo maana kemikali hii, ambayo Mfaransa Louis Jacques Thénard aliieleza mwaka 1818, haitulii: hujivunja polepole ikawa maji na gesi ya oksijeni, na kasi hiyo huongezeka ikipata joto, mwanga, alikali, au hata chembe chache za chuma, shaba au manganizi. Kiwanda hutia asidi ya fosfori kidogo mno kwa kazi mbili, yaani kuufanya mmumunyo uwe na uasidi kiasi, hali ambayo peroksaidi hudumu zaidi, na kuzikamata zile chembe za metali zisiweze kuchochea mvunjiko. Kwa kiasi kile kidogo, asidi hiyo ni mlinzi tu.

Asidi iliyomo katika siki ina tabia nyingine. Asidi ya asetiki hupokea oksijeni kutoka kwa peroksaidi, na kutokana na muungano huo hupatikana maji pamoja na asidi ya perasetiki. Mmenyuko huu huenda mbele na kurudi nyuma, tena si wa haraka, na kwa kuwa siki ya kawaida ina takriban asilimia 5 tu ya asidi ya asetiki, kiasi kilichotokea katika chupa yako hakikuwa kikubwa. Hata hivyo kilikuwa na siku kadhaa za kujikusanya. Asidi ya perasetiki huua vijidudu vizuri sana, na viwanda huitumia kwa sababu hiyo, lakini mvuke wake huunguza macho, pua na njia ya hewa, na mmumunyo wake hula metali. Chupa ya kunyunyizia huzidisha madhara, kwa sababu huugeuza mmumunyo kuwa matone madogo unayoyavuta moja kwa moja hadi mapafuni.

Kwa hiyo neno “asidi” kwenye lebo halitoshi kukuambia kitakachotokea, kwa maana kila asidi ina mwenendo wake. Unaweza kuendelea kutumia vitu vyote viwili, mradi kila kimoja kikae katika chupa yake, na sehemu iliyopakwa kimoja isuuzwe na kufutwa kabla ya kuletewa kingine. Siki usiiweke kwenye marumaru, kwani huyeyusha jiwe lenyewe. Na nakusihi sana usije ukachanganya siki, wala asidi nyingine yoyote, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: hapo hutoka gesi ya klorini, nayo hudhuru papo hapo.

SWALI: Je, povu linalotoka peroksaidi inapomiminwa kwenye jeraha ni dalili kwamba vijidudu vinakufa?

JIBU: Hapana. Damu na seli zetu zina kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja peroksaidi kwa kasi kubwa, na povu unaloliona ni oksijeni inayotoka. Jeraha safi kabisa nalo litatoa povu. Peroksaidi huua baadhi ya vijidudu, lakini huunguza pia seli changa zinazojenga ngozi mpya, kwa hiyo kwa mkwaruzo wa kawaida maji safi yanayotiririka na sabuni ni bora. Isimiminwe kamwe kwenye jeraha lenye shimo refu, kwa sababu oksijeni ikikosa pa kutokea inaweza kuingia katika mishipa ya damu.

SWALI: Nilihamishia peroksaidi kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, nikaifunga barabara na kuiweka dirishani. Imevimba. Nifanye nini?

JIBU: Vaa glavu na miwani ya kinga, elekeza mdomo wa chupa mbali na uso, kisha ulegeze kifuniko taratibu. Lita moja ya mmumunyo wa asilimia 3 inaweza kutoa takriban lita 10 za oksijeni, na ile ya asilimia 30 inayotumika maabara hutoa zaidi ya lita 100. Gesi hiyo yote huisukuma chupa iliyozibwa. Chupa ya asili ni ya kahawia ili izuie mwanga, na kifuniko cha baadhi ya chupa hizo hutengenezwa kiweze kupitisha gesi, kwa hiyo iache dawa humo humo, mahali penye giza na ubaridi. Iliyokwisha kumiminwa usiirudishe ndani, kwani uchafu kidogo tu waweza kuuchochea mvunjiko. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, usijaribu kuizimua kwa siki wala magadi, kisha nenda ukamwone daktari.