Nyanya baadaye: maharage ya chungu yaliyonitoa machozi ukweni

Juzi msomaji mmoja wa Kigamboni ameniandikia: "Dada, maharage yako ya kuoka nimeyabandika tangu asubuhi, saa kumi jioni bado yanagonga meno. Nimekosea wapi?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana yalishanikuta.

Mwaka juzi mume wangu aliwasifia sana ndugu zake maharage haya. Siku ya kuyapeleka nikatia kila kitu kwa mkupuo: maharage meupe, nyanya, sukari guru, siki, na maji ya kisima cha hapa mtaani kwetu Tabata. Nikachoma mkaa saa nane nzima. Wifi yangu akaweka kijiko kimoja mdomoni, akatoa punje, akaiweka ukingoni mwa sahani, kisha akauliza kama kuna wali uliobaki jana. Hakuongeza neno. Ile punje naiona mpaka leo.

Na mimi sikuwa mgeni wa pishi hili! Nililifundishwa na mama mmoja wa Boston, Marekani, niliyemfanyia kazi Msasani. Kwao wazee wa dini hawakupika siku ya Bwana, hivyo chungu kiliingia ovenini Jumamosi, kikalala humo na moto mdogo, kikaliwa Jumapili. Yeye alitia molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki miwa ikitengenezwa sukari, na nyama ya nguruwe ya chumvi. Mimi natia sukari guru ya Kariakoo na mbavu za ng'ombe zenye mafuta. Oveni ya saa saba inamaliza umeme wa LUKU, kwa hiyo natumia chungu cha udongo juu ya mkaa, na makaa mengine napalia juu ya mfuniko wa bati, kama wali wa nazi.

Kosa langu nililielewa baadaye. Uchachu wa nyanya na siki unalizuia ganda lisilainike. Molasi na sukari guru nazo zina kalsiamu, inayolikaza. Maji ya kisima, kama ni magumu, yaani yenye madini mengi kama hiyo kalsiamu, yanafanya vilevile. Nilikuwa nimeyafunga maharage kufuli tatu.

Sasa fanya hivi. Nusu kilo loweka usiku kucha kwa maji laini, asubuhi mwaga maji yale. Chemsha kwa maji mapya, dakika kumi za mwanzo moto uwe mkali, kwa sababu maharage mabichi yana sumu ya asili isiyokufa kwa moto mdogo. Kisha punguza. Chota machache kwenye kijiko, yapulize. Ganda likichanika na kujikunja kama karatasi iliyoota jua, hapo ndipo yanahamia chunguni. Likibaki limenata, endelea kuchemsha, hata kama wageni wako mlangoni.

Chunguni weka kitunguu kizima chini, mbavu, maharage, vijiko vitatu vikubwa vya sukari guru iliyokwanguliwa, kijiko kidogo cha haradali ya unga, chumvi, na maji ya moto yafunike tu. Saa sita, saba. Ukiona yanakauka, ongeza maji ya moto. Sasa ile kalsiamu inakusaidia: punje zinakaa nzima, hazivurugiki. Nyanya, kama lazima, saa ya mwisho. Narudia, nyanya baadaye.

Dada zangu, tumezoea kupika kwa kukimbizana, tukidhani moto mkubwa ni ujuzi. Maharage hayakimbizwi. Na usinunue ya mwaka juzi kwa sababu ni bei rahisi. Muulize muuzaji yalivunwa lini, akibabaika, nenda meza ya pili.

Jumapili iliyopita wifi alikuja kwangu. Nilipofunua chungu, rangi ilikuwa ya kahawia iliyoiva, mafuta yanachezacheza pembeni. Alikula sahani mbili. Kisha akachukua mkate, akafuta chini ya chungu, akaniuliza kama mbegu ile naipata Tandale.