Kujua Wi-Fi ya nyumbani inatumia usimbaji gani
Ndugu, umeuliza utajuaje kama Wi-Fi ya nyumbani kwako inatumia WEP, WPA au WPA2, yaani aina za usimbaji, ule ulinzi unaoficha data inayopita hewani. Kwenye kompyuta ya Windows 11 ambayo tayari imeunganishwa, fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao na intaneti, chagua Wi-Fi, kisha bofya sifa za mtandao wako; ukishuka chini utaona mstari wa Security type (aina ya ulinzi), na mbele yake pameandikwa, kwa mfano, WPA2-Personal. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi iliyo juu ya skrini, nawe utaiona aina hiyo ya ulinzi. Simu nyingi za Android huionyesha ukigusa jina la mtandao.

Ukikuta WEP, tafadhali usilale nayo hata usiku mmoja, kwa maana udhaifu wake ulianikwa hadharani tangu mwaka 2001, na leo mtu aliyekaa nje ya ukuta wako na kompyuta ya kawaida anaweza kuupata ufunguo kwa dakika chache, hata nywila iwe ngumu namna gani. WPA ya mwaka 2003 ilikuwa kiraka cha muda tu. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, ambao anwani yake kwa kawaida imebandikwa chini ya kifaa chenyewe, uchague WPA2 yenye AES (njia imara ya kusimba data), au WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, iwapo vifaa vyako vyote vinaikubali. Printa ya zamani ikigoma kuunganishwa na WPA3, rudi kwenye WPA2. Usishuke zaidi ya hapo.