Mgonjwa anasikia nini ukisema "hasi"?

Mwaka wangu wa kwanza wodini nilimwambia mama mmoja kwamba kipimo chake kimetoka hasi. Nilitegemea afurahi. Akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. Kwake hasi ni ubaya, na hakukosea: huko nje si tunasema fulani ana mtazamo hasi? Tangu siku hiyo nasema, "Tumepima, ugonjwa huo huna."

Ninyi mnaoanza kazi hii mmetoka chuoni na istilahi nyingi, na mtazihitaji. Ukimpigia daktari usiku, usimwambie tu kwamba presha imepanda. Mpe namba, 180 kwa 110, na saa uliyopima. Ila ukirudi kitandani, mgonjwa yuleyule anaijua presha. Ukimtajia "shinikizo la damu" anaweza kudhani ameongezewa ugonjwa wa pili.

Maelezo ya dawa ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Ukisema "meza kila baada ya saa nane", yupo atakayemeza kila ifikapo saa nane, mchana na usiku, mara mbili badala ya tatu. Ukisema "kutwa mara tatu", mwingine atazimaliza zote kabla jua halijazama, maana kutwa ni mchana. Mimi nahesabu naye kwa vidole: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Halafu namwomba anieleze yeye atakavyomeza akifika nyumbani. Swali la "umeelewa?" liacheni. Atajibu ndiyo kwa heshima tu, na wewe utaondoka umeridhika bure.

Lakini kurahisisha si kumfanya mtu mzima mtoto. Kuna mzee nilimwambia, "Haya babu, tumeze kidonge chetu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba amefundisha kemia miaka 30, na angependa kujua jina la dawa na inavyofanya kazi mwilini. Nilimwomba radhi, nikavuta kiti, nikamweleza yote.

Kwa hiyo mwacheni mgonjwa azungumze kwanza, hata kama foleni ni ndefu. Dakika moja tu inatosha kukuonyesha maneno aliyonayo. Akisema ana sukari, anza na sukari. Akikuuliza kuhusu insulini, mjibu kwa insulini.