Usifunge siku saba na huku akaunti ya kubeti iko wazi

Funga hiyo akaunti kwanza, habari ya kufunga kula baadaye. Nimesoma mpango wako nikashika kichwa: siku saba bila chakula, mkesha huko Likoni, Mombasa, na programu ya kubeti inabaki kwenye simu ili "nimpinge Shetani uso kwa uso". Ndugu, hiyo kwetu yaitwa miadi.

Nani aliyewafundisha kukata Yakobo 4:7 katikati? Najua, ni hao wahubiri wa maikrofoni na chupa za mafuta ya upako. Nami nilinunua mbili. Nikanukia vizuri, M-Pesa tupu. Mstari unaanza "Basi mtiini Mungu", ndipo "Mpingeni Shetani". Ule wa 8 unawataja "wenye nia mbili", yaani wewe, unayefunga na salio liko huko likingoja mechi. Tena kwa tamaa ya fedha Paulo hamwambii Timotheo asimame apigane: "uyakimbie mambo hayo", 1 Timotheo 6:11. Yusufu aliacha vazi akatoka nje. Hakubaki chumbani kumwombea mke wa Potifa.

Na kufunga hakumzuii mjaribu kuja. Yesu alifunga siku 40, akaona njaa, ndipo yule akamjia. Wewe siku ya tatu kichwa chauma, usingizi hakuna, saa tano usiku simu iko mkononi. Utaweka shilingi 50 "ya mwisho", mkeka (tiketi yako ya kubeti) uchanike, uifuate na 500 ya kuikomboa. Jumapili aibu inakuweka nyumbani.

Toa salio, kisha funga akaunti yenyewe, maana programu ukiifuta tu utairudisha kwa dakika mbili. Zuia jumbe zao. Mshahara ukiingia, siku hiyo hiyo lipa kodi na ada, inayobaki mpe mkeo au ipeleke kwenye chama cha kuweka akiba. Kwa simu ibaki nauli ya wiki na pesa ya mahamri. Mwambie mtu mmoja mzima (Yakobo 5:16), si kundi zima la WhatsApp, akupigie Jumamosi kabla mechi hazijaanza. Akikuuliza Jumapili baada ya ibada, ushaliwa. Usiku simu ilale sebuleni.

Uliuliza pia usome Zaburi gani, na kama ujiunge na kwaya. Sijui, imba tu. Leo Alhamisi, mechi ni keshokutwa: ushaitoa hiyo salio?