Takwimu au takwimu bima: la kuangalia kabla ya kuthibitisha udahili

Mdogo wangu, umemaliza EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), hesabu unaiweza, umekwama kati ya takwimu na takwimu bima (actuarial science, hesabu za hatari za bima) pale UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanzoni hazipishani sana: kalkulasi, aljebra, nadharia ya uwezekano. Baadaye moja inaelekea sampuli na modeli, nyingine riba, jedwali za vifo na akiba za bima.

Ila shahada ya takwimu bima peke yake haikufanyi akchuari, yaani mtaalamu wa hesabu hizo. Kuna mitihani ya vyama vya maakchuari, SOA ya Marekani au IFoA ya Uingereza, na ada yake ni ya dola au pauni, kwa hiyo piga hesabu ya mfuko mapema. Mtihani P wa SOA, ule wa uwezekano, ni maswali 30 ya kuchagua kwa saa 3. Ufanye ukishamaliza kozi za uwezekano, usingoje kuhitimu. Iulize idara: kozi zipi zinakupa msamaha wa mtihani, na kwa alama gani? Jibu lidai kwa maandishi.

Kama bima haikuvutii sana, mimi ningekuelekeza takwimu. Inakufungulia NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), benki na utafiti wa afya, na mitihani ile bado unaruhusiwa kuifanya. Jifunze R vilevile, programu ya kuchambua takwimu, Excel haitoshi. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, si wa kaka yako.